John Huston na Picha za Vita

Wenzangu wa bweni watamkumbuka Mmarekani John Huston (1906–1987) kwa senema ya The African Queen, aliyoipiga Kongo na Uganda. Mimi namheshimu zaidi kwa kazi yake ya jeshini. Picha yake ya San Pietro, Italia, ilitoka 1945. Mapigano mengi yaliigizwa upya, lakini maiti walikuwa askari wa kweli. Maofisa wakakasirika; Jenerali Marshall akataka makuruta waionyeshwe. Kisha Huston akawapiga picha hospitalini askari waliovurugwa akili na vita, wakilia mbele ya kamera. Hiyo jeshi likaifungia tangu 1946, zaidi ya miaka 30. (Sisi wa maofisini twayajua makabati hayo!) Ilipofunguliwa, Huston alikwisha pita miaka 70.