Hiram Percy Maxim: Mwana wa mbunifu wa bombomu aliyetaka bunduki ipunguze kelele

Mnamo Februari 17, 2026 ilitimia miaka 90 tangu Hiram Percy Maxim afariki dunia katika mji mdogo wa La Junta, jimbo la Colorado nchini Marekani. Kumbukumbu hiyo imekuja wakati kifaa alichokibuni kimerejea katika mijadala ya nchi yake: kuanzia Januari 1 mwaka huu, kodi ya dola 200 iliyotozwa tangu 1934 kwa kila kiwambo cha sauti cha bunduki imeshushwa hadi sifuri, ingawa wajibu wa kukisajili kwa serikali kuu haujaondolewa.

Jina la Maxim, hata hivyo, liliwafikia majirani zetu wa Uganda na Tanzania muda mrefu kabla ya kiwambo hicho, nalo halikufika kimyakimya. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 bunduki ya rashasha iliyotumia nguvu ya mrudisho wa risasi moja kujipakia risasi inayofuata, ikaweza kufyatua takriban risasi 600 kwa dakika. Mnamo Januari 1892 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliitumia bunduki hiyo katika vita vya Mengo, na Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani katika Ziwa Viktoria. Huko Mahenge, Agosti 30, 1905, bunduki mbili za rashasha za Wajerumani ziliwafyeka wapiganaji wa Maji Maji waliokuwa wakiishambulia boma. Wazee waliiita bombomu, kwa mlio wake.

Mwana alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 2, 1869. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi pale baba yake alipokwenda Ulaya mwaka 1881 kwa shughuli za umeme. Baba hakurejea kuishi na familia hiyo. Alifanya makao yake London, akaanza maisha mapya na mke mwingine, akatunukiwa cheo cha heshima cha Uingereza mwaka 1901, huku mama akibaki Marekani na watoto. Percy, kama alivyoitwa nyumbani, alimaliza mafunzo ya ufundi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts mwaka 1886, kabla hajatimiza miaka 17, akaingia kazini bila kumtegemea mzee wake.

Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa injini. Akiwa msimamizi katika kiwanda cha makombora huko Lynn, Massachusetts, alitumia saa zake za usiku kujaribu kuunda mtambo wa petroli utakaoendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Kazi hiyo ilimfikisha mwaka 1895 katika kampuni ya Pope mjini Hartford, Connecticut, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli na sasa ikitaka kuunda magari. Hartford ukawa mji wake wa maisha. Mwaka 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyekuwa gavana wa Maryland.

Kelele za injini na za bunduki zina asili moja: gesi iliyobanwa inayofumuka ghafla hewani. Inasimuliwa kwamba Maxim alipata wazo lake akitazama maji yakizunguka kwenye tundu la beseni la kuogea. Gesi ya baruti nayo, aliwaza, ikilazimishwa kuzunguka ndani ya vyumba vidogo kabla ya kutoka, itapoteza kasi na joto, na itatoka polepole. Hataza yake, namba 916,885, ilitolewa Machi 30, 1909. Baba aliteka nguvu ya mrudisho ili bunduki isipumzike. Mwana aliteka gesi ili isipige kelele. Aliyekuwa London wakati huo alikuwa mzee mwenye usikivu ulioharibiwa na milio ya silaha zake mwenyewe.

Hapa mtafsiri wa habari analazimika kusema neno. Riwaya zetu za kipelelezi zimetuzoesha bastola iliyofungwa kiwambo cha kuzuia sauti, ambayo mlio wake hausikiki hata chumba cha pili. Neno kuzuia limetia chumvi. Mlio wa bunduki hufika takriban desibeli 160, na kiwambo kizuri hupunguza kati ya desibeli 20 na 35. Kinachobaki bado ni kishindo. Kupunguza ndilo neno la haki, ingawa Maxim mwenyewe, akiwa mfanyabiashara, alichagua jina la kibiashara lililoahidi kimya, na ahadi hiyo ilikuja kumgharimu.

Matatizo aliyokabiliana nayo ndiyo yanayomkabili hadi leo mtu anayetaka kuifungia kiwambo karabini, yaani bunduki fupi, inayotumia risasi za bastola. La kwanza ni kasi ya risasi. Kiwambo hushughulika na gesi peke yake. Risasi inayopita kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe baada ya kutoka, na hakuna chombo mdomoni mwa mtutu kinachoweza kuukamata. Ndiyo maana bunduki kubwa za vita zilinufaika nusunusu. Risasi za bastola zina baruti kidogo, na katika mtutu mrefu wa karabini baruti hiyo huungua karibu yote kabla risasi haijatoka, kwa hiyo gesi ya kudhibiti ni chache. Lakini urefu huohuo wa mtutu unaweza kuiongeza kasi risasi ya milimita 9 ikavuka kikomo cha sauti, hali ambayo haiipati risasi nzito ya kipimo cha .45, ambayo kwa kawaida huenda mita 260 hivi kwa sekunde.

La pili ni ufungaji. Bunduki za enzi zake hazikutoka kiwandani zikiwa na uzi wa skrubu kwenye ncha ya mtutu. Mwenye bunduki alilazimika kumpelekea fundi wa kerezo akate uzi huo, ama anunue kiungio cha kuivaa ncha ya mtutu. Kazi hii haikubali haraka. Tundu la kiwambo lisipokaa sawasawa na tundu la mtutu, tofauti ndogo ya mwanzoni hukua kadiri risasi inavyosonga, hadi inakwangua visahani vya ndani na kukipasua kifaa chote. Isitoshe, bomba nene mbele ya bunduki huziba mstari wa kulengea shabaha. Jibu la Maxim katika toleo la mwaka 1910 lilikuwa rahisi: alilisogeza tundu juu kutoka katikati ya kiwambo, sehemu kubwa ya bomba ikaning'inia chini ya mtutu, na macho ya mlengaji yakapata njia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi huo mdogo unaonyesha akili yake kuliko hata hataza ya kwanza.

Viwambo hivyo viliuzwa madukani na kwa posta kwa dola chache, kwa watu waliolenga shabaha nyuma ya nyumba zao bila kuwaudhi majirani. Hofu ya wahalifu, hata hivyo, ilitangulia ushahidi. Bunge la Marekani lilipopitisha Sheria ya Kitaifa ya Silaha mwaka 1934, likilenga zaidi bunduki za rashasha za magenge ya mijini, bastola ziliondolewa katika muswada lakini viwambo vikabaki. Kodi ya dola 200 ilikuwa mara nyingi ya bei ya kifaa chenyewe. Kufikia wakati huo kampuni ya Maxim ilikuwa imekwisha kuachana na bunduki na kuhamia kwenye viwambo vya injini na mitambo ya viwandani. Ukimsikia fundi wa magari wa Nairobi akisema sailensa imetoboka, anatumia neno lilelile.

Karabini iliyotimiza wazo lake kikamilifu hakuiona. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Mwingereza William Godfray de Lisle alichukua mwili wa bunduki ya Lee-Enfield, akaupa mtutu wa risasi za .45 na kuuzungushia kiwambo kirefu kilichokuwa sehemu ya bunduki yenyewe badala ya kufungwa mbele yake. Risasi ilikuwa nzito na ya polepole, na kufuli ilifunguliwa kwa mkono, hivyo hata mlio wa vyuma haukuwapo hadi askari apakie tena. Zilitengenezwa takriban 130 tu, kwa ajili ya makomando.

Maxim mwenyewe alikuwa amekwisha kugeukia sauti ya namna nyingine. Mwaka 1914 alijaribu kutuma ujumbe wa redio kutoka Hartford hadi Springfield, umbali wa kilomita 40 hivi, mtambo wake ukashindwa kufika. Akamwomba mwenzake wa mji wa Windsor Locks, ulioko katikati, aupokee na kuupeleka mbele. Kutokana na tukio hilo yeye na kijana Clarence Tuska walianzisha chama cha Marekani cha wapenzi wa redio wenye kupokezana ujumbe kituo kwa kituo, na mwaka 1925 mjini Paris alichaguliwa rais wa kwanza wa umoja wao wa kimataifa. Sisi tunaokula mkate wa mawimbi tuna haki ya kumdai hapa kuliko wauza bunduki.

Baba yake alifariki London mwaka 1916, na umbali baina yao haukuwa umezibwa. Katika miaka yake ya mwisho Percy alikaa akaandika kitabu kuhusu mzee huyo, na katika kurasa zake baba ni mtani, mkorofi na mcheshi, kama mvulana alivyomwona kabla ya safari ya Ulaya. Bombomu haikupewa nafasi kubwa humo. Kitabu kilitoka mwaka 1936, mwaka uleule ambao mwandishi wake, akielekea California kutazama nyota katika kituo cha Lick, alishikwa na maradhi ya koo njiani na kushushwa La Junta. Alikuwa na miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland, mji wa mkewe, na ishara yake ya redio, W1AW, ilikabidhiwa kituo cha chama alichokianzisha, ambacho hadi leo hurusha matangazo yake kutoka Newington, jirani na Hartford.