Al-Khwarizmi, Mwanachuoni wa Mizani Iliyo Sawa

Ndugu msomaji, ukifungua daftari la mwanao anayesoma sekondari, uwe Kinyangiri mkoani Singida au penginepo, utakuta humo hesabu za kutafuta idadi isiyojulikana. Hesabu hizo huitwa aljebra. Wengi hudhani kwamba elimu hiyo ilizaliwa Ulaya, na wengine hutuambia kwamba dini ya Islam ni adui wa elimu. Basi tafadhali soma habari za mtu huyu, kisha uhukumu mwenyewe.

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780. Jina lake lamnasibisha na nchi ya Khwarazm, kusini ya Bahari ya Aral, katika Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa Al-Maamun aliyetawala tangu 813 hadi 833. Zama hizo vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikusanywa na kufasiriwa kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi hakuona haya kujifunza kwa watu wasio wa dini yake. Aliandika kitabu cha kueleza tarakimu za Wahindi, akatunga majedwali ya nyota, na pia kitabu cha sura ya ardhi, chenye kuonyesha mahali pa miji na milima.

Lakini kitabu kilichomletea sifa kuliko vyote ni kile cha Al-Jabr wal-Muqabala, alichokitunga kwa kuhimizwa na Khalifa huyo. Hakutumia herufi wala alama kama tufanyavyo leo. Alieleza yote kwa maneno, na kile kisichojulikana akakiita kitu. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguzwa: ukiujaza upande mmoja, yakupasa kuuongeza upande wa pili kiasi kile kile. Al-muqabala ni kukabilisha: kilicho sawa pande zote mbili huondolewa huku na huku.

Fikiri, ndugu, mizani ya vitanga viwili katika duka la nafaka hapo Kinyangiri. Kitanga kimoja kina vifuko 3 vya uwele vyenye uzito mmoja, pamoja na jiwe la kilo 2. Cha pili kina mawe ya kilo 14, na mizani imetulia. Ondoa kilo 2 huku, ondoa kilo 2 kule: vifuko 3 ni sawa na kilo 12. Gawanya pande zote kwa 3: kila kifuko ni kilo 4. Ukiondoa upande mmoja tu, mizani italala, na jawabu lako litakuwa la uwongo.

Je, elimu hii ilikuwa ya nini? Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi, mambo ambayo Qur'ani Tukufu imeyawekea sheria. Mojawapo ya masuala yake ni hili: mtu amekufa, ameacha wana wawili na dirham 10 taslimu, na mwana mmoja alikuwa na deni la dirham 10 kwa baba yake. Marehemu ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu baki. Mwana mwenye deni hapewi taslimu, bali fungu lake hukatwa katika deni. Fungu hilo ni kiasi gani? Al-Khwarizmi aliliita kitu, akaliongeza juu ya zile 10. Jumla hiyo ni mafungu 3 yaliyo sawa, na kila fungu ni kitu. Kwa ufupi, 10 na kitu kimoja ni sawa na vitu 3. Ondoa kitu kimoja pande zote: 10 ni sawa na vitu 2, basi kitu ni 5. Mtu baki apata 5, mwana asiye na deni apata 5, na mwenye deni akatiwa 5.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini huko Hispania, na wanachuoni wa Ulaya wakajifunza kwacho. Neno aljebra latokana na al-jabr. Na jina lake mwenyewe limekuwa algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao hata kompyuta huufuata.

Ewe unayechunguza dini, kanuni hii ni yako pia. Kipimo unachokitumia kwa itikadi za mwenzio, kitumie kwa zile ulizozirithi kwa wazazi wako. Usidai hoja upande mmoja na kuridhika na desturi upande wa pili. Nawe ndugu uliyekwisha kuikubali haki, usisahau kwamba wewe nawe unapimwa. Mwenyezi Mungu atujalie kupima kwa uadilifu. Amin.