Pichichi: Alizomewa nyumbani, leo wafungaji bora Hispania wanabeba jina lake

Kila msimu wa La Liga ukiisha, straika aliyetupia mabao mengi anakabidhiwa tuzo ya Pichichi. Lionel Messi ameibeba mara nane. Kylian Mbappé aliichukua msimu wa 2024/25. Wengi wanalijua jina, ila mwenye jina hawamjui.

Jina lake halisi ni Rafael Moreno Aranzadi, mzaliwa wa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, Mei 23, 1892. Familia yake ilikuwa ya watu wazito mjini. Baba alikuwa mwanasheria aliyewahi kuwa meya wa Bilbao, na mwandishi maarufu Miguel de Unamuno alikuwa ndugu wa ukoo.

Nyumbani walitaka asome sheria. Alianza chuo cha Deusto, lakini akili yote ilikuwa kwenye mpira, masomo yakamshinda. Baadaye akapata kazi ya ofisini, huku Athletic Bilbao ikibaki ndiyo maisha yake.

Kimo chake kilikuwa mita 1.54 tu, na hata jina la Pichichi lilitokana na udogo wake. Lakini mabeki walimkoma. Alikuwa na chenga, shuti kali na akili ya kujua mpira utaangukia wapi. Uwanjani hukumkosa: alifunga kitambaa cheupe kichwani, enzi ambazo mpira ulikuwa wa ngozi nzito wenye kamba za kushonea, ukiupiga kichwa unaumia.

Agosti 21, 1913, Athletic ilifungua uwanja wake mpya wa San Mamés kwa mechi dhidi ya Racing de Irún. Bao la kwanza kabisa kwenye uwanja huo lilifungwa na Pichichi.

Baada ya hapo ikawa ni makombe tu. Athletic ilibeba Kombe la Mfalme mara tatu mfululizo, 1914, 1915 na 1916. Fainali ya 1915 waliichapa Español 5-0, na matatu kati ya hayo aliyatupia yeye. Kombe la nne lilikuja 1921. Kumbukumbu zinampa mabao 83 katika mechi 89 za mashindano, zote akiwa na klabu hiyo hiyo moja.

Mwaka 1920 alikwenda Ubelgiji na timu ya taifa ya Hispania kwenye Olimpiki, mashindano ya kwanza kabisa kwa timu hiyo. Alicheza mechi zote tano, akaifunga Uholanzi bao moja, na Hispania ikarudi na medali ya fedha.

Ila mpira hauna shukrani. Kasi ilipoanza kupungua, baadhi ya mashabiki wa San Mamés walimgeuka. Kijana wa nyumbani, aliyefunga bao la kwanza pale, akawa anazomewa kwenye uwanja huo huo. Mwaka 1921 akatundika daluga akiwa na miaka 29 tu, akageukia uamuzi.

Hakupata muda wa kuanza upya. Machi 1, 1922, homa kali ilimwondoa ghafla, kabla hata hajafikisha miaka 30. Aliacha mjane na binti.

Bilbao ndipo ikashtuka. Mwaka 1926 sanamu yake ilisimamishwa San Mamés, na utamaduni ukazaliwa: timu inayocheza pale kwa mara ya kwanza, nahodha wake huweka maua mbele ya sanamu hiyo. Uwanja wa zamani ulivunjwa, sanamu ikahamia uwanja mpya, na maua bado yanawekwa.

La Liga ilianza 1929, miaka saba baada ya kifo chake. Gazeti la Marca lilianza kutoa tuzo ya Pichichi msimu wa 1952/53, na aliyeichukua alikuwa Telmo Zarra, mtu wa Athletic vilevile.

Kwa hiyo jina linalowaniwa na mastraika wote wa La Liga ni la mtu ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.