John Boyd Dunlop

John Boyd Dunlop (Dreghorn, Uskoti, 5 Februari 1840 – Dublin, Eire, 23 Oktoba 1921) alikuwa daktari wa mifugo na mvumbuzi. Anajulikana hasa kwa kutengeneza, mwaka 1887, tairi la upepo la kwanza lililofaa kwa matumizi ya kila siku. Hakuwa mtu wa kwanza kulifikiria, lakini ni kutokana na kazi yake kwamba tairi la namna hiyo lilienea duniani, kwanza kwenye baiskeli, halafu kwenye pikipiki na magari.

Maisha ya awali

Dunlop alizaliwa katika familia ya wakulima huko Dreghorn, kusini magharibi mwa Uskoti. Aliambiwa kwamba alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, na kwa sababu hiyo aliamini maisha yake yote kwamba afya yake ni dhaifu na inahitaji kutunzwa sana. Hata hivyo alifikia umri wa miaka 81.

Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh akahitimu mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 19 tu. Alifanya kazi Uskoti kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1867 alihamia Downpatrick, kaskazini mwa Eire, ambako alifungua kliniki ya mifugo pamoja na kaka yake James. Alimwoa Margaret Stevenson, nao walipata watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Baadaye alihamia Belfast na kufungua kliniki katika mtaa wa May Street. Katikati ya miaka ya 1880 kliniki hiyo ilikuwa mojawapo ya kubwa zaidi katika Eire yote. Enzi hizo usafiri wa mjini ulitegemea farasi, hivyo daktari wa farasi hakukosa kazi wala kipato. Jambo hili linafaa kukumbukwa: Dunlop hakuwa fundi wa magurudumu, wala hakuwa mtu wa kutafuta riziki kwa uvumbuzi.

Tairi la upepo

Magurudumu ya wakati huo yalivikwa chuma, au mpira mgumu usio na uwazi ndani. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe na kukatwa na reli za tramu, hivyo kila jiwe lilisikika mwilini mwa msafiri. Mwana wa Dunlop, Johnnie, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, naye mitikisiko ilimsumbua.

Mnamo Oktoba 1887 Dunlop alichukua vipande vyembamba vya mpira, akavigundisha kuwa mrija, akauzungushia kitambaa cha kitani na kuufunga kwenye ukingo wa duara la mbao lenye upana wa karibu sentimita 96. Kisha aliujaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Katika uwanja wa nyumba yake alilivingirisha gurudumu la baiskeli ya mtoto lenye mpira mgumu, likaishia njiani. Alipolivingirisha duara lake kwa nguvu ileile, lilivuka uwanja wote mpaka likagonga lango.

Jaribio hilo lilionyesha mambo mawili. Dunlop alikuwa akitafuta starehe ya mtoto, akapata pia kasi. Gurudumu gumu likikuta jiwe hulazimika kupanda juu yake pamoja na mzigo wote, na nguvu hupotea katika kila mruko. Tairi lenye hewa hubonyea mahali pale penye jiwe tu, kisha hurudi katika umbo lake, na chombo huendelea mbele bila kurushwa. Mapema mwaka 1888 Johnnie alikuwa tayari akiendesha baiskeli yenye matairi hayo.

Dunlop aliomba hataza tarehe 23 Julai 1888, akaipata tarehe 7 Desemba mwaka huohuo.

Mashindano ya mwaka 1889

Matairi manene ya Dunlop yalichekwa mwanzoni. Mtu aliyebadilisha hali hiyo alikuwa Willie Hume, nahodha wa klabu moja ya baiskeli ya Belfast na mmoja wa wanunuzi wa kwanza wa baiskeli yenye matairi ya upepo. Tarehe 18 Mei 1889 alishindana katika uwanja wa Queen's College, Belfast, akashinda mbio zote nne. Muda mfupi baadaye alishinda karibu mbio zote alizoingia huko Liverpool, Uingereza.

Kati ya walioshindwa na Hume walikuwemo wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Eire. Du Cros alitambua kwamba wanawe wameshindwa na matairi zaidi kuliko na mtu. Mwaka uleule aliunda kampuni mjini Dublin kwa ajili ya kutengeneza na kuuza matairi ya upepo. Dunlop aliikabidhi hataza yake kwa kampuni na kupewa hisa 1,500.

Hataza kubatilishwa

Mwaka 1890 ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson (1822–1873), alikuwa amepata hataza ya tairi la upepo nchini Uingereza tangu mwaka 1845, kisha Ufaransa mwaka 1846 na Marekani mwaka 1847. Tairi la Thomson lilikusudiwa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Baiskeli zilikuwa bado hazijaenea, mpira mzuri ulikuwa ghali, na uvumbuzi huo ulisahauliwa kabisa. Hakuna dalili kwamba Dunlop aliwahi kuusikia, lakini kwa sheria hilo halikusaidia: hataza yake ilikuwa batili.

Kampuni haikufa, kwa sababu Du Cros aliwahi kununua hataza za watu wengine. Matairi ya kwanza ya Dunlop yaligundishwa moja kwa moja kwenye rimu, hata kuziba pancha ikawa kazi ya saa nyingi. Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya kwenye kingo zake, linaloshika kwenye rimu na kuweza kutolewa. William Bartlett naye alibuni njia nyingine ya kulishikiza. Pamoja na valvu bora, uvumbuzi huu mdogo ndio uliofanya tairi la upepo liweze kutengenezwa na fundi yeyote kando ya barabara. Kwa haki, sifa anazopewa Dunlop peke yake zingegawanywa kati ya watu wanne au watano.

Kutengana na kampuni

Dunlop alihamia Dublin mwaka 1892, lakini alijiondoa katika kampuni katikati ya miaka ya 1890. Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa Ernest Terah Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza kwa umma kwa pauni milioni 5. Dunlop hakupata sehemu kubwa ya utajiri huo. Alibaki Dublin akiwa na hisa katika biashara ya duka la nguo.

Jina lake, hata hivyo, liliendelea kutumiwa na kampuni, pamoja na sura yake. Katika matangazo kichwa chake chenye ndevu nyeupe kiliwekwa juu ya mwili wa bwana mwenye mavazi ya kimaridadi mno. Dunlop, aliyekuwa mtu wa kiasi, aliona anadhihakiwa, akafungua kesi dhidi ya kampuni yenye jina lake mwenyewe. Suala la kama kesi hiyo inaweza kusikilizwa Eire lilifika hadi mahakama ya rufaa ya juu kabisa ya Uingereza.

Alifariki mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921 akazikwa katika makaburi ya Deans Grange. Kitabu chake kuhusu historia ya tairi la upepo kilichapishwa baada ya kifo chake. Picha yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya Northern Bank ya Belfast.

Mpira wa Afrika

Uvumbuzi wa Dunlop uliongeza mahitaji ya mpira ghafla, na wakati huo sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilitoka kwenye mimea ya porini katika Brazil na Afrika ya Kati. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuleta kiasi fulani cha mpira. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa, na watu wengi waliuawa au kukatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya Edmund Morel zilisaidia kumnyang'anya Leopold koloni hilo. Dunlop mwenyewe hakuhusika na utawala huo, lakini historia ya tairi haikamiliki bila kuwataja watu hao.

Katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mpira ulitoka kwenye mitambaazi ya msituni ya jenasi Landolphia, ambayo ni jamaa ya mmea unaozaa mabungo. Spishi moja, Landolphia kirkii, inaitwa kwa jina la John Kirk, aliyekuwa konsuli wa Uingereza huko Zanzibar. Kutoka maeneo ya Liwale mpira huo ulibebwa hadi bandari ya Kilwa na kusafirishwa nje. Wakati wa utawala wa Wajerumani walowezi walipanda pia miti ya mpira ya aina ya Manihot glaziovii, hasa upande wa Tanga. Mashamba hayo yalianguka mwaka 1913, bei iliposhuka kutokana na mpira mwingi na bora zaidi kutoka mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Tairi la upepo Tanzania

Kiwanda cha General Tyre kilianza kutengeneza matairi mjini Arusha mnamo mwaka 1971, kikiwa mali ya serikali pamoja na kampuni ya kigeni. Kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo karibu matairi yote ya magari madogo nchini huagizwa kutoka nje, yakiwa mapya au ya mtumba.

Katika kata ya Mtoni, wilaya ya Temeke, barabara inayopitiwa na magari kuelekea kusini bado inaitwa Barabara ya Kilwa, kwa jina la bandari ileile iliyopitisha mpira. Kama kwingineko Dar es Salaam, kandokando yake mafundi huziba pancha, hujaza upepo na kuuza matairi, na mwenye gari la familia huchagua kati ya jipya la bei kubwa na la mtumba lenye kashata nene.

Unene wa kashata haueleweshi yote. Mpira huzeeka hata bila kutembea: jua na hewa huufanya mgumu, nyufa ndogo hutokea ubavuni, na tairi linaweza kupasuka ghafla likiwa katika mwendo, hasa gari likiwa limejaa watu na upepo ukiwa pungufu. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaloonekana jipya huweza kuwa na umri wa miaka kumi.

Maandishi mengine ni vipimo. Katika 195/65R15 91V, upana ni milimita 195, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, mtindo ulioanzishwa na kampuni ya Michelin mwaka 1946. Si kipimo cha gurudumu kama wengi wanavyodhani. Namba 91 inamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 615, na V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Vipimo vinavyotakiwa na gari lenyewe, pamoja na kiasi cha upepo, mara nyingi vimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari lililoagizwa kutoka Japani huweza kuja na matairi ya majira ya theluji. Mpira wake ni laini na huisha haraka kwenye lami yenye joto.

Kama fedha zinatosha matairi mawili tu, watengenezaji wengi hushauri mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya nyuma yakiteleza kwenye maji, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Katika nchi nyingi tairi halikubaliki barabarani kina cha kashata kikishuka chini ya milimita 1.6. Tairi kipara halitupwi, hata hivyo. Tanzania hukatwa na kushonwa kuwa katambuga, viatu vinavyovaliwa sana na wafugaji, na ambavyo huweza kudumu kuliko gari lililotoa mpira wake.