Mwalimu Dawe na Mafumbo Yaliyotaka Kumponza

Mpenzi msomaji, kitendawili! Naam, najua umekwisha kuitika tega. Basi sikiliza. Yumo baharini, limo jikoni, na mwalimu aingiapo darasani hukuamuru ufanye hivyo. Herufi tatu tu. Ukikuna kichwa kidogo utaona kwamba jibu ni kaa. Kuna kaa wa pwani mwenye magando, kuna kaa la moto, na kuna kule kukaa kitako tunakoamrishwa kila kengele ikilia. Neno moja, nyuso tatu.

Hiyo ndiyo siri ya ile chemsha-bongo ya gazetini yenye vijisanduku vyeupe na vyeusi, ambayo baadhi yetu huwahi kuikata kwa wembe kabla mwenye gazeti hajasoma habari zake. Kwa kila jibu unapewa dokezo na idadi ya herufi. Majibu mengine huandikwa kwenda kulia, mengine kwenda chini, nayo hukutana njiani hata herufi moja ikatumikia maneno mawili. Ukikosea moja, la pili litakataa kuingia. Ndiyo maana mjuzi wa mchezo huu haandiki kwa pupa. Kwanza hulitazama dokezo kama mtu atazamaye shilingi anayoshuku ni bandia, huku na huku, mbele na nyuma.

Lakini leo sitaki kuzungumza juu ya wafumbuaji. Nataka kuzungumza juu ya mfumbaji. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana kama walivyo walimu wetu wakuu, mkali na mwenye kuogopwa, na kwa kutunga mafumbo tu nusura aonekane msaliti wa taifa lake wakati wa vita. Jina lake Leonard Sydney Dawe.

Bwana Dawe alizaliwa mwaka 1889 huko Brentford, magharibi mwa London. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na wale wenzetu wanaodhani kwamba mtu wa vitabu hawezi kuona mpira na wasikie hili: mwaka 1912 alichaguliwa kuichezea England katika timu yake ya wachezaji wa ridhaa, na kati ya mwaka huo na 1913 aliichezea klabu ya Southampton. Baadaye akashika chaki. Mwaka 1926 akawa mwalimu mkuu wa Strand School, shule ya wavulana iliyokuwa kusini mwa London, na kiti hicho hakukiacha hadi mwaka 1958.

Wakati huo chemsha-bongo ya vijisanduku ilikuwa kitu kipya. Aliyeianzisha ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913 alichapisha ya kwanza katika gazeti la New York World, nayo haikuwa na umbo la mraba kama hizi za leo bali la almasi. Miaka kumi baadaye Wamarekani walikuwa wamerukwa na akili kwa mchezo huo, kisha ukavuka bahari hadi Uingereza. Gazeti la Daily Telegraph la London lilianza kuuchapisha mwaka 1925, na mmoja wa watunzi wake tangu siku za mwanzo alikuwa Dawe. Msomaji hakuambiwa mtunzi ni nani. Watu wengi walikuwa wakikesha na kazi yake pasi na kujua kwamba anayewatoa jasho ni mwalimu mkuu wa shule.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, watoto wengi walihamishwa kutoka London kwa hofu ya mabomu. Strand School nayo ilifunga virago ikahamia Effingham, kijiji cha Surrey, kusini mwa jiji. Mwalimu Dawe akahama na wanafunzi wake, na mafumbo yake akayachukua. Gazeti liliendelea kutoka, vita au hakuna vita, na kila fumbo lilihitaji maneno.

Kisa cha kwanza kilitokea Agosti 1942. Tarehe 17 fumbo la gazeti lilitoa dokezo lililotaka jina la bandari moja ya Ufaransa. Kesho yake jibu likachapishwa: Dieppe. Keshokutwa yake, tarehe 19, majeshi ya Uingereza na Kanada yakaivamia bandari hiyohiyo ya Dieppe, yakapata kipigo kibaya, na Wakanada wengi wakafa ufuoni. Lo! Wakuu wa jeshi walijiuliza kama kuna mtu aliyewapa Wajerumani taarifa kwa njia ya gazeti. Wakachunguza, wakaona ni sadfa tu, wakafunga jalada.

Sadfa moja huweza kusameheka. Zikiwa tano?

Mwaka 1944 Uingereza na Marekani zilikuwa zikijiandaa kuvuka bahari na kuwapiga Wajerumani katika fukwe za Normandy, Ufaransa. Siri ya mahali na siku ilifichwa kuliko dhahabu, kwani kama adui angeijua, maelfu ya vijana wangeteremka majini moja kwa moja hadi kwenye midomo ya bunduki. Hata majina ya mambo yenyewe yalifichwa kwa majina ya kupanga. Shambulio zima liliitwa Overlord. Sehemu yake ya majini iliitwa Neptune. Fukwe mbili za Wamarekani ziliitwa Utah na Omaha. Zile bandari za kubuni ambazo zingeburutwa baharini vipande vipande ziliitwa Mulberry.

Sasa fungua gazeti, msomaji. Tarehe 2 Mei dokezo lilitaka moja ya majimbo ya Marekani, na jibu likawa Utah. Tarehe 22 Mei likataka jina la Mwenyeji wa Asili wa Marekani anayeishi kando ya mto Missouri. Jibu, Omaha. Tarehe 27 Mei ikatakiwa habari ya mtu mkubwa mwenye kuwapita wengine, nayo ikawa Overlord.

Tarehe 30 Mei lilikuja dokezo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Lilitaja kichaka ambacho ni kitovu cha mapinduzi ya watoto wadogo. Mapinduzi gani tena ya watoto? Hapo ndipo ujanja ulipo. Kwa Kiingereza neno la mapinduzi ya serikali ndilo hilohilo la kitu kinachozunguka. Watoto wa Uingereza wana mchezo wa kushikana mikono na kuzunguka wakiimba juu ya mti wa mforosadi, na mforosadi kwa Kiingereza ni mulberry. Asiyejua mchezo huo atakaa akiwaza watoto wenye bunduki! Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Kisha tarehe 1 Juni dokezo likasema kwamba Britannia na mwenziwe fulani hushika kitu kimoja. Britannia ni yule mwanamke anayechorwa kuwakilisha Uingereza, na mkononi ana mkuki wa meno matatu. Mwingine mwenye mkuki kama huo ni mungu wa bahari wa Warumi wa kale, naye ni Neptune. Zilikuwa zimebaki siku tano tu. Na waliporudi nyuma katika matoleo ya miezi iliyopita, wakuta Gold, Sword na Juno, majina ya zile fukwe nyingine tatu, nayo yamepita humohumo mafumboni.

Hebu jitie katika viatu vya afisa wa usalama. Unakunywa chai yako asubuhi, unafumbua mafumbo kwa starehe, na jibu linalotoka chini ya kalamu yako ni siri kubwa kuliko zote za nchi. Chai ingekupalia.

Maafisa wawili wa idara ya usalama, MI5, wakaenda kumwona Mwalimu Dawe. Alikuwa na umri wa miaka 54. Wakamhoji kinagaubaga: maneno haya umeyapata wapi, na kwa nini haya na si mengine? Mtunzi mwenzake wa gazeti hilo, Melville Jones, naye akahojiwa. Siku zile ukipatikana na hatia ya ujasusi ulinyongwa au ukapigwa risasi. Dawe hakuwa na jibu ila moja, kwamba maneno ni maneno, na kwamba hakujua sheria inayomkataza mtu kuyatumia. Mwishowe wakamwachilia. Tarehe 6 Juni wanajeshi wapatao 156,000 walivuka hadi Normandy, na Wajerumani hawakuwa na habari. Basi fumbo halikuwa limemwambia adui kitu.

Miaka ikapita. Mwaka 1958 Dawe aliisimulia habari hiyo katika televisheni ya BBC, akaeleza jinsi alivyopekuliwa hadi basi kabla ya wakubwa kuamua kwamba hapana haja ya kumpiga risasi. Aliendelea kutunga mafumbo hadi alipofariki Januari 1963. Watu wakasema ilikuwa sadfa, kisa kikawa cha kuchekesha wageni mezani.

Kumbe siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwaka 1984, miaka arobaini baada ya shambulio lile, mmoja wa wanafunzi wa zamani wa Strand School alijitokeza akatoboa. Alisema kwamba Mwalimu Dawe alikuwa na mazoea ya kuwaita wavulana ofisini mwake na kuwapa vijisanduku vitupu wavijaze maneno yoyote yanayokubaliana, kama zoezi la kunoa akili. Wakimaliza, yeye angechukua maneno hayo na kuyatungia madokezo. Karibu na shule kulikuwa na kambi za askari wa Marekani na Kanada, na mvulana huyu, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alikuwa haishi kuzurura huko. Askari walimpenda, wakamtuma vijikazi, wakazungumza mbele yake bila kujali. Majina ya siri yalikuwa midomoni mwao. Lililofichwa ni mahali na siku. Mvulana akayaokota majina yale akayaandika katika madaftari yake, kisha akayapachika vijisandukuni bila kujua uzito wake.

Kwa maelezo yake, baada ya kuhojiwa Mwalimu Dawe alimwita, akamwuliza alikoyatoa maneno yale. Alipoyaona madaftari, damu ilimkauka. Akamwamuru ayachome moto yote, akamlisha kiapo juu ya Biblia kwamba hatasema. Kijana akanyamaza hadi akawa mtu mzima mwenye familia yake.

Si wote wanaomsadiki. Wapo wanaoshikilia kwamba maneno kama Utah na Neptune ni ya kawaida mno, hupita mafumboni mwaka hadi mwaka, na wanauliza ilikuwaje jina kubwa kama Overlord liropokwe mbele ya mtoto. Lakini wanafunzi wengine wa zamani nao wamesema kwamba kweli mwalimu aliwajazisha vijisanduku. Mimi kwa upande wangu naegemea kwa mvulana. Maneno hayana miguu. Yakifika mahali, basi kuna mtu aliyeyabeba.

Na kama ni kweli, basi tazama alichofanya yule mzee. Alikuwa amewekwa kitimoto na watu ambao wangeweza kuyamaliza maisha yake. Sasa ameijua sababu, nayo ina jina, na imekaa darasani kwake na madaftari mkononi. Angeweza kumshika sikio yule kijana akampeleka kwa wakubwa, na shaka yote ingeondoka juu ya kichwa chake. Hakufanya hivyo. Alimkaripia, akauteketeza ushahidi, na tuhuma akaiacha ibaki juu yake mwenyewe hadi kaburini. Wengine watasema alijikinga yeye na cheo chake, maana si jambo la kujivunia kutumia kazi ya watoto bila kuwataja. Huenda yote mawili ni kweli. Hata hivyo, mtoto wa miaka 14 hakufikishwa mbele ya maafisa, na hilo si dogo.

Sisi tulio wanachama wa Chama cha Kiswahili tunacheza na maneno kila Alhamisi, tukidhani ni mchezo tu. Mwalimu Dawe anatukumbusha kwamba neno halina kosa likiwa peke yake, ila likikutana na sikio lenye kulijua huwa jingine kabisa. Kwa hiyo tuchunge tunachookota vibarazani na tunachokipeleka.

Sikuachi mikono mitupu. Mkulima hufanya hivyo shambani, mkwezi hufanya hivyo mnazini, na mvulana mwinda ndege huitundika shingoni. Herufi tano. Jibu lake silitoi hapa. Niulize tukikutana kwenye foleni ya chakula, na usije na kalamu ya mtu mwingine.