William Morris: Fundi Aliyechukia Kazi ya Kulipua

Tumezoea kusikia ati sanaa ya nchi za Magharibi siku hizi imeshuka, watu hawajui tena zuri na baya. Malalamiko hayo ni ya zamani! Hebu niwasimulie habari za Mwingereza mmoja aliyelalamika vivyo hivyo katika karne ya 19, lakini hakukaa kitako.

William Morris alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 huko Walthamstow, karibu na London, katika jamaa yenye mali. Enzi hizo viwanda vilikuwa vimeenea Uingereza. Mashine zilitoa vitambaa na viti chapuchapu. Kwa mbali vilimeta, lakini ukivikaribia, wapi! Ilikuwa kazi ya kulipua tu.

Morris alioa mwaka wa 1859, kisha rafiki yake Philip Webb akamjengea nyumba. Madukani hakuona vyombo vya kumridhisha. Basi yeye na wenzake wakavitengeneza wenyewe, na mwaka wa 1861 wakafungua kampuni. Morris hakuwa bwana wa kuamrisha tu. Alijifunza kudarizi, kufuma na kutia nguo rangi, hata mikono yake ikawa buluu kwa nili. Mwaka wa 1891 alianzisha kiwanda cha kupiga chapa cha Kelmscott, kilichotoa vitabu 53 vya kupendeza mno.

Kwa maoni yake, ubaya haukuletwa na mashine peke yake. Mtu anayeharakishwa kutwa kwa ujira mdogo, bila kuifurahia kazi yake, atautoa wapi uzuri? Ndiyo sababu mwaka wa 1883 alijiunga na wasoshalisti, akawa anahutubia watu hata barabarani.

Lakini hapo pana fumbo. Kazi ya mkono ni ghali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumbe chema cha Morris kilijiuza kwa matajiri! Mfanyakazi aliyemtetea hakuweza kununua zulia lake. Jambo hilo lilimkera sana. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1896, akiwa na umri wa miaka 62.

Je, alishindwa? Mimi nasema la. Michoro yake ingali inauzwa hadi leo. Isitoshe, alituachia swali zito. Tukiona kitu kibaya, tusikimbilie kumcheka anayekinunua. Tuulize kwanza: aliyekitengeneza alipewa muda gani, na alilipwa nini?