Shaaban Robert na Nchi ya Angani

Msomaji mpenzi, leo nakiri jambo ambalo mtu wa pwani hulionea haya. Mwaka 1992 nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Sotik, mbali na bahari, penye baridi na mvua za alasiri. Sandukuni nilikuwa na kitabu cha Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert. Nilikifungua mara tatu, na mara tatu kikanishinda. Hadithi ilikuwa ya ajabu, nchi iliyo angani. Lakini sentensi zilikuwa ndefu, sifa zimerundikana juu ya sifa, na kila mtu husema kama khatibu.

Mwenzangu mmoja, Mkipsigis aliyekuwa akipima majani mabichi, aliamini kwamba mimi ndimi mwenye Kiswahili. Usiku mmoja akaniomba nimsomee. Ningekataaje? Nikasoma kwa sauti, kama tulivyozoezwa chuoni, na ndipo maneno yalipopata mizani. Kumbe kosa langu lilikuwa kukisoma kimya, mbio mbio, kama gazeti. Aliyekiandika alikuwa mshairi hata katika nathari.

Shaaban alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hata 1926, kisha akaingia ukarani wa forodha mpaka 1944. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyama, ofisi ya serikali Tanga, na upimaji wa ardhi. Maisha yake yote ya kazi yalipita chini ya Mwingereza. Mchana aliandika hesabu za wenyewe. Vitabu vyake aliviandika kwa nafasi yake mwenyewe.

Kusadikika kilitoka 1951. Humo Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya heri, wakalipwa adhabu. Mwenzangu alipomsikia Majivuno alicheka sana, akasema kwamba bwana huyo anamjua. Mimi nilinyamaza, maana nami nilimjua. Karani wa serikali ya kikoloni angewezaje kuyasema hayo waziwazi? Nadhani ndiyo sababu aliipeleka nchi yake angani na kuivika mapambo. Yale mapambo yaliyonichosha yalikuwa buibui la maneno makali.

Sisemi kwamba kila ukurasa ni mtamu. Hata leo zipo kurasa za mawaidha ninazozipita kwa taabu, na Adili na Nduguze, chenye harufu ya Alfu Lela, hunipendeza zaidi. Lakini tangu Sotik sijamlaumu tena mwandishi kabla ya kuyajaribu masikio yangu.

Shaaban alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alizikwa Machui, Tanga. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe msomaji, ikiwa kitabu hicho kilikushinda shuleni, kitoe kabatini, uwaite watoto barazani, ukisome kwa sauti.